Tundu Lizibwe Kabla Fundi Hajaondoka

Katika Mji Mkongwe wa Unguja nyumba hazikomi kutengenezwa. Chokaa hupukutika, boriti huoza kwa unyevu, na vyoo vya ghorofani huhitaji kubomolewa na kujengwa upya. Kazi ya namna hii inapoanza, fundi bomba hung'oa kwanza sinki la choo, beseni la kunawia na kifuniko cha maji ya sakafuni. Yanayobaki ni matundu mawili au matatu yanayotazama juu. Aghalabu huachwa wazi kwa siku kadhaa, na pengine kwa miezi, wakati mwenye nyumba akingoja saruji, vigae au fedha. Harufu ikizidi, hutiwa tambara, na watu wa nyumbani huambiwa wavumilie.

Maoni yetu ni kwamba uvumilivu huo hauna msingi. Kuziba tundu la bomba ni sehemu ya kazi ya kung'oa. Hapana budi ifanywe siku ile ile, na fundi yule yule, kabla hajafunga mfuko wake wa vyombo.

Ili kulielewa jambo hili yafaa tujiulize ni kitu gani hasa kilichoondolewa. Chini ya kila beseni, na ndani ya kila sinki la choo, pana bomba lililopindwa kama shingo ya bata. Katika pindo hilo hubaki maji kidogo daima. Maji hayo ndiyo mlango: maji machafu hupita kwenda chini, lakini hewa ya bomba haiwezi kupanda juu. Mwaka 1775 Alexander Cumming, fundi wa saa aliyekuwa akiishi London, alipata hati ya ubunifu wa choo chenye pindo la namna hii, na mpaka leo dunia haijapata njia iliyo rahisi zaidi.

Mwanafunzi wa fizikia anaweza kuupima uwezo wa mlango huo. Kina cha maji katika pindo ni milimita 50 hivi. Zidisha densiti ya maji, yaani kilo 1000 kwa mita moja ya ujazo, kwa 9.8 na kwa 0.05, utapata Paskali 490. Kiasi hicho ni karibu sehemu moja katika 200 za kanieneo ya hewa tuivutayo. Ni kidogo, lakini chatosha kuizuia hewa ya bomba katika hali ya kawaida. Pindo likiondolewa hakuna kinachozuia chochote. Ndoo moja ya maji ikimwagwa ghorofa ya juu, huisukuma hewa iliyo mbele yake, na hewa hiyo hutokea palipo wazi. Kadhalika, bomba linaloishia ufukweni likifunikwa na maji ya bamvua, hewa iliyomo ndani haina budi kutafuta njia nyingine ya kutokea.

Hewa hiyo ina nini? Uchafu unapooza pasipo oksijeni hutoa methani, ambayo hushika moto, pamoja na haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Gesi hii ya pili ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hupenda kutuama chini. Ikiwa kidogo huumiza kichwa na kuwasha macho. Ikizidi hufanya jambo la hatari zaidi: huizimisha pua. Basi mtu aliye katika chumba chenye tundu wazi, akisema kwamba harufu sasa imekwisha, asidhani mara moja kuwa hewa imesafika. Ni kweli kwamba katika chumba chenye dirisha gesi hizi kwa kawaida hazifiki kiasi cha kuua. Lakini vyoo vingi vya nyumba kongwe ni vyumba vidogo, vyenye kitundu kimoja tu cha kupitishia upepo, na havikukusudiwa kupokea hewa ya mabomba ya mtaa mzima.

Gesi si mgeni pekee. Mende hupanda kwa njia hiyo, na pia mbu. Wapo watu wanaoamini kwamba mbu wote huzaliana katika maji safi, sivyo. Culex quinquefasciatus, mbu aenezaye vijidudu vya matende na mabusha katika pwani yetu, hustawi katika maji machafu ya vyoo na makaro. Unguja yenyewe imetoa somo mashuhuri juu ya jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Makunduchi, watafiti walimwaga katika vyoo vya shimo vyenye maji vipira vidogo vyeupe vya polistirini, vinavyofanana na vile vya kufungashia vyombo visivunjike. Vipira vilielea na kufanya tabaka juu ya maji. Mbu wakakosa pa kutaga, na viluwiluwi wakakosa pa kuvutia pumzi. Hatua hiyo, ikiambatana na dawa waliyopewa wakazi, iliwapunguza sana mbu na maambukizo. Funzo lake ni wazi: ukiutenga uchafu na hewa ya watu kwa kizuizi hafifu tu, umekata njia ya maradhi. Mtu aachaye bomba wazi chooni mwake anafanya kinyume kabisa cha funzo hilo.

Yaliyotokea Hong Kong mwaka 2003 ni onyo jingine. Katika maghorofa ya Amoy Gardens watu zaidi ya 300 waliugua ugonjwa wa mapafu uitwao SARS. Uchunguzi ulionyesha kwamba mapindo ya matundu ya sakafuni katika nyumba nyingi yalikuwa yamekauka, na kwamba yamkini matone yenye virusi yalipita katika mabomba ya pamoja na kuingia katika bafu za majirani.  Kukauka kwa maji kulisaidia kufungua njia.

Mfano huo haupo mbali na hali yetu. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na Serikali, na jumba lililokuwa la ukoo mmoja likawa makazi ya jamaa kadhaa. Pale ambapo bomba moja linapita ukutani na kuhudumia ghorofa zote, tundu la mmoja ni tundu la wote. Aidha, chokaa, kokoto na mabaki ya saruji yakidondoka katika bomba lililo wazi, huganda kwenye kona. Siku chache baadaye maji machafu hufurika kwa jirani asiyehusika, na kutoka hapo huingia ukutani na kuzifikia boriti. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; katika nyumba za mawe na chokaa msemo huo si mfano tu.

Kuziba kwenyewe si kazi ngumu. Tambara tupu halifai: hewa hupenya, unyevu hupanda, na likitumbukia huwa ndilo kizuizi. Ikiwa bomba la plastiki limeinuka juu ya sakafu, funika mdomo wake kwa kipande cha plastiki nene, kisha kaza kwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, mizunguko mitatu au minne. Vifuniko vya plastiki vyenye kipimo cha bomba ni bora zaidi, na hata kizibo cha mpira kinachotanuka kwa kukazwa skrubu kinafaa. Ikiwa bomba limekatwa sawa na sakafu, tambara lifungwe ndani ya mfuko wa plastiki mpaka likaze, nalo lifungwe kamba imara, na kamba ifungwe kwenye kijiti kilichopitishwa juu ya tundu ili kizibo kisizame.

Mambo matatu yakumbukwe. Kwanza, bomba la hewa linalotokea juu ya paa lisizibwe kamwe, kwa kuwa ndiko gesi inakostahili kutokea. Pili, lisizibwe bomba kuu ambalo ghorofa nyingine zinaendelea kulitumia, bali tawi lake tu. Tatu, vizibo vihesabiwe na idadi yake iandikwe ukutani kwa chaki, kusudi kazi ikiisha vyote viondolewe.

Baadhi ya mafundi watasema kwamba hawalipwi kwa kazi hiyo. Wana haki, na kosa ni letu tunaopatana nao. Katika mapatano tunataja mchanga, saruji na vigae, lakini kizibo hatukitaji. Tukitaje, na tumlipe fundi kwa hicho pia.

Walimu nao wana nafasi yao. Mpira mwembamba unaopitisha nuru, ukikunjwa na kutiwa maji kidogo, watosha kumwonyesha mwanafunzi jinsi moshi wa udi unavyozuiwa na maji, na jinsi unavyopita mara yanapomwagwa. Mwanafunzi aliyeliona jambo hilo kwa macho yake, akirudi nyumbani na kukuta bomba limeachwa wazi, hatangoja kuambiwa. Atatafuta plastiki na mpira wa tairi, azibe, kisha amweleze mzee wake kwa nini amefanya hivyo.