Dawa Hazikaririwi Usiku Mmoja

Kila muhula vijana wanaosomea uuguzi hutujia wodini nyuso zimewashuka. Ukiwauliza wameanguka somo gani, jibu ni lile lile: famakolojia, yaani elimu ya dawa. Wengine huanza kusema labda hawakuumbwa kuwa wauguzi. Sisi hatukubali. Tunaona wanasoma vibaya, na tuliowazoesha kusoma hivyo ni sisi wakubwa wao.

Huchukua orodha ya dawa mia moja, wakakesha nayo, wakaimba majina, vipimo na madhara mpaka asubuhi ya mtihani. Wiki ya pili yote yamekwisha. Hata sisi tulisoma hivyo. Tulikariri vidonge vya klorokwini kwa umri wa mtoto. Mwaka 2001 klorokwini ikawekwa kando kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea, ikaja SP. Baadaye SP nayo ikaipisha dawa mseto ya ALu. Aliyekariri alianza upya. Aliyeelewa dawa inafanya nini mwilini alijifunza vipimo vipya tu.

Kwa hiyo tunawaambia vijana: anzeni na ukoo. Dawa zina koo kama watu. Ampisilini, amoksisilini na kloksasilini ni ndugu wa penisilini. Mgonjwa aliyevimba midomo kwa mmoja wao, usimpe ndugu yake. Propranololi na atenololi hupunguza mapigo ya moyo, basi hesabu mapigo kabla ya kutoa, na umwulize mgonjwa kama ana pumu. Lakini jina peke yake hudanganya. Metronidazoli, flukonazoli, albendazoli na omeprazoli zinaishia sawa, kumbe moja ni ya bakteria na amiba, nyingine ya fangasi, nyingine ya minyoo, na ya mwisho hupunguza asidi ya tumbo.

Kisha fungeni kitabu mwende kitandani. Mama mwenye kifafa cha mimba anachomwa magnesiamu salfeti. Mwanafunzi anayesoma dawa hiyo akiwa kando ya mama huyo haisahau: kabla ya dozi inayofuata anahesabu pumzi, zisipungue 16 kwa dakika, anagonga goti aone kama mguu unaruka, anatazama mkojo, usipungue mililita 30 kwa saa. Kwa nini mkojo? Kwa sababu dawa hutoka mwilini kwa njia ya figo, na isipotoka hujazana mpaka ikazuia pumzi. Ndiyo maana kalsiamu glukoneti inakaa karibu. Hayo ni maswali manne ya mtihani, na yote yako kwa mgonjwa mmoja. Dawa tatu kwa siku kwa mtindo huo, zikiandikwa katika daftari dogo la mfukoni, zatosha. Jioni funika majibu ujiulize mwenyewe. Rudia baada ya siku tatu, na tena baada ya wiki.

Hesabu ndiyo inayotutia hofu zaidi. Mtoto wa kilo 8 ana malaria kali. Chini ya kilo 20, artesuneti ni miligramu 3 kwa kila kilo, basi anahitaji miligramu 24. Chupa ya miligramu 60 ikichanganywa kwa ajili ya mshipa, kila mililita ina miligramu 10: anapata mililita 2.4. Ikichanganywa kwa ajili ya msuli, kila mililita ina miligramu 20: anapata 1.2. Ukichanganya ya msuli ukavuta kipimo cha mshipa, umempa maradufu. Ukikosea kinyume chake, umempa nusu, na malaria kali haingoji. Fanyeni hesabu tano za namna hii kila siku kwa kalamu, si kwa simu, kwa maana simu huzima chaji zamu ya usiku.

Liko pia tatizo la lugha, ambalo shuleni halisemwi sana. Kijana wa Rulenge au Biharamulo anasoma dawa kwa Kiingereza, anafikiri kwa Kiswahili, na mgonjwa wake ni bibi anayesema Kihangaza au Kisubi. Dawa ambayo huwezi kumweleza bibi huyo kwa lugha yake hujaielewa, hata kama umepata alama 80. Mweleze kwanza bibi. Kiingereza cha mtihani kitakuja baadaye, tena kwa urahisi.

Nasi wauguzi wa zamani tuache kumfokea mwanafunzi mbele ya toroli la dawa. Aliyefokewa leo kesho haulizi, atakisia. Tumpe chupa mkononi, asome maandishi yake, atuambie ukoo wake na atakachotazama kabla ya kuchoma. Akikosea, sindano bado haijaingia.