Nyumba ya wazee haipimwi siku ya wageni

Kila mwaka tarehe 1 Oktoba, siku ya kimataifa ya wazee, nyumba zinazopokea wazee huku kwetu Kivu zinapata wageni. Gari zinaingia kiwanjani, magunia ya mchele na makatoni ya sabuni yanashushwa, viongozi wanasema maneno mazuri, wazee wanapiga makofi, picha zinachukuliwa. Jioni habari inapita: wazee wamesaidiwa. Je, tarehe 2 Oktoba, nani anarudi kuuliza kama yule mama wa kitanda cha mwisho aligeuzwa usiku?

Sisemi zawadi ni mbaya. Mchele unaliwa na sabuni inafua. Ninachosema ni kwamba tumezoea kuhesabu kile kinachoingia mlangoni, na tumeacha kuangalia kile kinachofika kwenye mwili wa mzee. Depo inaweza kujaa na mzee akabaki na kiu.

Wasikilizaji na wasomaji wapenzi, jambo hili linatugusa leo kuliko zamani. Kwa desturi yetu mzee anakaa kwa watoto wake, na kumpeleka kwa watu wengine inaonekana kama haya. Lakini vita imetawanya jamaa. Watu walikimbia Masisi na Rutshuru, wakafika katika makambi kandokando ya Goma, na mwezi wa Februari 2025 makambi hayo yakavunjwa, watu wakatawanyika tena. Mwenye miguu alitembea. Mzee asiyeweza kutembea aliachwa kwa jirani, kwa parokia, au kwa nyumba ya wazee. Kuna watoto ambao leo wako upande mwingine wa mstari wa vita na hawawezi kuja kuona mama yao anaishi namna gani. Wao hawahitaji picha ya magunia. Wanahitaji kujua kama mama anatunzwa.

Tena wengi wanaogopa kuuliza. Wanajiambia: masista wametusaidia bure, nitawauliza nini? Mimi naona msaada haukatazi swali. Katiba ya nchi yetu ya 2006, katika kifungu cha 49, inasema mzee ana haki ya ulinzi wa pekee kulingana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya moyo. Haki haiwi sadaka kwa sababu tu aliyeitoa ni mtu mwema.

Basi tuangalie nini? Hakuna haja ya diploma. Kuna mambo ambayo hata mtoto wa shule anaweza kuona akifungua macho.

Kwanza, ngozi. Mzee asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa karibu kila masaa mawili, usiku pia. Asipogeuzwa, ngozi ya matako, mgongo na visigino inaanza kufa. Kwa ngozi yetu nyeusi usingoje kuona wekundu: angalia pahali palipoiva kuwa peusi zaidi, pagumu, au penye joto. Kidonda cha namna hiyo si ugonjwa wa uzee. Ni hesabu ya masaa ambayo hakuna mtu aliyemgusa. Lakini tuwe wa haki: wengine wanafika nacho tayari, baada ya siku nyingi chini ya shitingi. Kwa hiyo uliza kilianza lini, na kama kinapungua au kinaongezeka.

Pili, maji. Mtu akizeeka, kiu haimsumbui tena kama zamani, hata kama mwili unakauka. Kikombe kinapaswa kuwa karibu na mkono wake, na mtu wa kumkumbusha anywe. Hapa kuna mtego: kuna pahali wanamnyima mzee maji tangu saa kumi ya jioni ili asilowanishe matandiko. Mgeni akifika asubuhi anasifu: nyumba hii haina harufu! Kumbe usafi huo umelipwa na mzee kwa kukauka midomo. Shuka kavu na ulimi mkavu ni habari moja.

Tatu, sahani. Usiangalie chungu kinachotoka jikoni, angalia sahani inayorudi. Kama maharagi yamerudi mazima, uliza: mzee huyu ana meno? Mkono wake unatetemeka? Nani alimlisha? Sombe na bugali laini vinaweza kumshibisha mtu ambaye mahindi ya kuchoma yanamshinda. Na angalia kikwembe: mama aliyekuwa anakizungusha mara mbili, leo kinamzunguka mara tatu, huyo anaisha.

Nne, dawa. Presha na sukari vinatakiwa dawa ya kila siku. Kuna daftari lenye jina la mzee, jina la dawa na saa aliyopewa? Au kila kitu kiko katika kichwa cha mtu mmoja ambaye kesho anaweza kuugua? Na mzee anayelala kutwa nzima, uliza kama anapewa dawa ya usingizi ili asisumbue.

Tano, usiku. Mchana kila nyumba ina watu. Uliza wanabaki wangapi saa nane ya usiku, nani yuko macho, kuna taa, na kama mzee akianguka akienda choo, sauti yake inamfikia nani.

Sita, lugha. Hili watu wanalisahau. Mzee aliyetoka kijijini anaweza kusema Kihunde, Kinande, Kitembo, Mashi au Kinyarwanda, na Kiswahili chake kikawa kidogo. Anaomba maji, hakuna anayemwelewa. Anapaza sauti, wanasema amerukwa na akili. Anachoka, ananyamaza, wanasema sasa ametulia. Kuna wamama wazee ambao walifukuzwa kwao kwa kusingiziwa uchawi. Wakikuta tena nyumba ambayo hakuna anayewasikia, hukumu ile inaendelea tu kwa njia nyingine.

Nimeacha kipimo kikubwa kwa mwisho. Katika kila nyumba kuna mzee anayetembelewa na mzee asiye na mtu. Wa kwanza ana binti anayefika Jumapili na simu inayolia. Wa pili hana. Linganisha kucha zao, nguo zao, blanketi zao. Kama wanafanana, nyumba hiyo ni nzuri, hata kama bati linavuja. Kama hawafanani, basi wa kwanza hatunzwi na nyumba. Anatunzwa na hofu ya binti yake.

Najua jibu nitakalopewa. Watu wanaowatunza wazee wanafanya kazi bila mshahara, au kwa pesa kidogo inayochelewa. Mwisho wa Januari 2025 benki za Goma zilifungwa, na uwanja wa ndege pia. Bei zimepanda. Mtu mmoja anaogesha, anafua, analisha na kuzika. Leo unakuja kumhesabia vidonda?

Ndiyo, na ni kwa ajili yake pia. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilikusanya uchunguzi wa nchi mbalimbali likakuta kwamba katika nyumba za kutunza wazee, wafanyakazi wawili kwa watatu wamekiri wenyewe kwamba walimtendea mzee vibaya katika mwaka mmoja. Siamini kama wawili kwa watatu ni watu wabaya. Wengi ni watu waliochoka, walioachwa peke yao. Mama mmoja akiachiwa wazee ishirini usiku, hawezi kuwageuza wote kila masaa mawili, hata awe mtakatifu. Lakini bila kupima, uchovu wake hauonekani, na mwenye kuleta magunia anaenda nyumbani akiamini kazi imekwisha. Kidonda kikiandikwa, tunaweza kuuliza kinatokana na nini: uzembe, au upungufu wa mikono? Jibu la kwanza linamhusu mfanyakazi. La pili linawahusu viongozi na wafadhili.

Kwa hiyo naomba mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji jumba jipya.

Kwanza, zone ya afya imtume muuguzi wa kituo cha karibu mara moja kwa mwezi: apime uzito, aangalie ngozi, asome daftari la dawa, aandike. Mkanda ule wanaopimia mkono wa mtoto mwenye utapiamlo unaweza kuzunguka mkono wa koko pia. Katika msaada wa wakimbizi wa ndani tunapima watoto na wamama wajawazito, na ni vizuri. Wazee wanapita pembeni ya mizani bila kuonekana.

Pili, kila nyumba iwe na kamati ndogo ambamo kuna mtu wa nje, mmoja wa jamaa za waliokimbia vita, na mzee mwenyewe mmoja anayeishi ndani. Asiye na pahali pa kulalamika hana haki, ana bahati tu.

Tatu, ninyi mulio mbali, mukipiga simu musiulize tu "hajambo?" Jibu litakuwa hajambo. Ulizeni: jana jioni alikula nini, na nani alimlisha? Mgongo wake uko namna gani? Kisha muombe simu iwekwe sikioni mwake, museme naye kwa lugha yake. Na familia inayomhifadhi mzee wa wengine katika chumba kimoja, maswali haya ni yenu pia. Kidonda hakijui kama uko kwa masista au kwa jirani.

Nne, wenye kutoa, kabla ya kununua ulizeni nini kinakosekana. Mara nyingi si mchele. Ni vitambaa vya kubadilisha, glovu, taa ya usiku, na mshahara wa mtu wa pili wa kulala pale.

Na kama hauna kitu cha kutoa, bado unaweza kwenda siku ambayo si ya sherehe. Mlangoni usitaje jina la mtu unayemjua. Sema umekuja kumuona yule ambaye hakuna anayekuja kumuona. Namna watakavyokuonyesha kitanda chake itakuambia nyumba ile ni nyumba gani.