Nani Atausomea Mwili wa Ng'ombe Wetu?

Kijana aliyehitimu miaka mitano ya udaktari wa mifugo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, akitangaza kwamba anataka kuendelea na uzamivu wa fiziolojia, huulizwa na wazazi, marafiki na hata waajiri: ya nini? Vijijini madaktari wa mifugo ni haba. Mfugaji ana ndama anayeharisha leo. Miaka minne ya kupima homoni maabarani itamfaa nini? Swali hilo ni la haki, na sisi tunaotetea elimu ya juu tumezoea kulijibu kwa maneno makubwa kuhusu taifa na wasomi wake. Maneno hayo hayamtoshelezi mwenye ndama mgonjwa.

Jibu lianzie zizini. Uhimilishaji, ambao serikali zetu zimeutegemea kwa miongo mingi kuongeza maziwa, hufanikiwa pale tu mhimilishaji anapojua jike ameingia kwenye joto saa ngapi. Kanuni inayofundishwa mpaka leo, kwamba ng'ombe aliyeonyesha joto asubuhi ahimilishwe jioni, ilitokana na utafiti uliofanyika Nebraska, Marekani, miaka ya 1940. Ng'ombe wetu wa asili joto lake aghalabu ni fupi zaidi na dalili zake ni hafifu. Muda ukikosewa, mbegu imepotea, fedha ya mfugaji imepotea, na kinachobaki ni kusubiri mzunguko mwingine wa siku 21 hivi.

Kuna pia suala la jua. Ng'ombe wa maziwa mengi huzalisha joto jingi mwilini kwa sababu ya wingi wa chakula anachokisaga na maziwa anayoyatengeneza. Hewa ya pwani, yenye joto na unyevu, humzuia kulitoa. Hupunguza kula, maziwa hushuka, mimba hazishiki. Zebu, ng'ombe wetu wa asili, hustahimili kwa kuwa hutokwa jasho vizuri zaidi na mwili wake huzalisha joto kidogo, lakini maziwa yake ni machache. Basi mtamba chotara anayefaa joto la Muheza awe na damu ya kigeni kiasi gani, na anayefaa baridi ya Njombe kiasi gani? Chanjo haitajibu swali hilo, wala dawa. Litajibiwa na mtu atakayekaa na wanyama hao misimu kadhaa, awapime joto, upumuaji, damu na homoni. Kazi hiyo ndiyo uzamivu wa fiziolojia.

Wapo wanaodhani sayansi ya namna hiyo haiwezi kuota kwetu. Mifano ya Kenya inawakanusha. Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akishirikiana na wenzake wa ng'ambo, alichapisha mwaka 1986 katika jarida la Nature matokeo yaliyoonyesha kwamba wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati ya ziada. Mwaka 1989 alikuwa miongoni mwa walioeleza jinsi samaki wa Ziwa Magadi, anayeishi katika maji ya magadi makali, anavyotoa uchafu wa mwili kama urea badala ya amonia. Mkenya mwingine aliyesomea udaktari wa mifugo, John Maina, alijijengea jina duniani kwa utafiti wa mapafu ya ndege. Maswali hayo yalitoka kwenye mazingira yetu, na thamani yake ilitambuliwa na ulimwengu mzima.

Hata hivyo, upande wa pili una hoja. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nchini Kenya ilitoa vigezo vya kuwataka wahadhiri wawe na shahada ya uzamivu. Lengo lilikuwa jema, lakini masharti ya aina hiyo huwasukuma watu kutafuta cheti kabla ya kutafuta swali. Nayo fedha ya wafadhili huelekea zaidi kwenye magonjwa ya kuambukiza, ambayo kweli hayangoji. Mwanafunzi wa fiziolojia hubaki akifundisha mchana na kuandika usiku, akisubiri vitendanishi kutoka nje, akiomba umeme usikatike sampuli zikaharibika kwenye friza. Mwishowe utafiti hupunguzwa mpaka utoshe mfuko wake, na tasnifu huishia kabatini.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: tusomeshe wachache, lakini tuwasomeshe kikamilifu. Serikali ilipe sehemu kubwa ya gharama, kwa sababu mfadhili wa mbali hana sababu ya kuuliza kuhusu mtamba wa Muheza. Kwa fedha hiyo, iwe na haki ya kudai mambo mawili. Kwanza, swali la utafiti litokane na mifugo iliyopo na wafugaji waliopo. Pili, kabla ya joho kuvaliwa, matokeo yaandikwe kwa Kiswahili na kufikishwa kwa maafisa ugani na wahimilishaji. Tukilipa bila kudai, tutazidisha vyeo. Tukidai bila kulipa, tutaendelea kuwahimilisha ng'ombe wetu kwa saa za Nebraska.