Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Chuo: Alama Zilizolala Ofisini na Mwaka wa Binti wa Tabora

Ndugu Mkuu wa Chuo,

Anayeandika ni mstaafu wa reli wa Isevya, Tabora, mzazi wa binti aliyemaliza stashahada ya uhandisi ujenzi chuoni hapo. Jina la chuo halitajwi, wala la binti. Mkuu wa Chuo analijua faili lenyewe, maana lilishafikishwa mezani kwake.

Binti alifanya mtihani wa mwisho akafaulu, ila somo la vifaa vya ujenzi lilitoka bila alama za kozi weki, ambazo hapo ni 40 kati ya 100. Kazi zilifanyika. Yeye na wenzake walichanganya zege, wakalimimina kwenye viboksi vya chuma, wakalizamisha majini, wakalivunja kwa mashine siku ya 7 na siku ya 28 kama upimaji wa uimara unavyotaka. Wakaandika ripoti, wakasaini daftari la makabidhiano. Mwalimu akahamia kituo kingine kabla ya kuingiza alama kwenye mfumo, na hakuna aliyezifuatilia.

Bila alama hizo matokeo hayakamiliki. Bila matokeo kamili NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, haina cha kutolea AVN, namba ya uhakiki ambayo mwenye stashahada hawezi kuomba shahada bila kuwa nayo. Dirisha la udahili likafungwa. Alama zilipokuja kuingizwa, GPA ilivuka ile 3.0 inayotakiwa kuomba shahada. Mwaka ulikuwa umeshakwenda.

Mzazi aliambiwa ofisini kwamba ni mwaka mmoja tu. Kauli hiyo imemuuma kuliko kosa lenyewe. Shahada ya uhandisi ni miaka 4. Baada yake wahitimu wengi hupitia mafunzo ya vitendo ya miaka 3 chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi kabla ya kuitwa mhandisi kamili. Ukiondoa mwaka mwanzoni mwa safari hiyo, kila hatua inayofuata inasogea mbele, na umri haumsubiri mtu.

Tena mwaka wenyewe umepotea wakati gani? Zamani njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji ilipita hapa Tabora, na Wanyamwezi ndio waliobeba pembe za ndovu na vitambaa vya matajiri mabegani. Reli ya Wajerumani ilipofika Tabora mwaka 1912, vijana wa hapa walibeba mataruma. Vipimo na michoro vilikuwa mikononi mwa wageni. Leo reli ya kisasa inajengwa kutoka Makutupora kuja Tabora, kwenda Isaka, na mkataba wa kilomita 506 kuelekea Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani linapita mkoani humu, na mabomba yake yalipelekwa Sojo, Nzega, kuwekewa ganda la kuhifadhi joto. Kazi ya kizazi kizima iko mlangoni, nayo haitarudiwa. Binti huyu amekaa nyumbani mwaka mzima akiitazama.

Kwa kukosa udahili, mkopo wa elimu ya juu haukuombwa. Fedha ya mpunga iliyotengwa kwa ada imeishia kwenye matumizi ya nyumbani.

Mzazi anataka mambo yanayotekelezeka. Alama za kozi weki zibandikwe ubaoni kabla ya mtihani wa mwisho, kila mwanafunzi asaini zake. Mwalimu asiruhusiwe kuondoka kabla hajakabidhi alama kwa mkuu wa idara. Chuo kikichelewesha, chuo ndicho kiandike barua ya kumtetea mwanafunzi kwenye udahili, asiachwe azunguke peke yake kwenye korido.

Wizara ya Elimu nayo isikae pembeni. Mwaka 2014 wananchi walichangishwa kujenga maabara za shule za kata ili watoto wasome sayansi, na watu walitoa. Haki yao ni kuona mtoto aliyepitia maabara hizo hakwamishwi na ofisi ambayo haikujaza safu moja ya alama. Vyuo vinakaguliwa majengo na mitaala. Vikaguliwe pia kwa siku alama zilipoingizwa.

Dirisha likifunguliwa, binti ataomba tena. Mzazi anasubiri jibu la maandishi kabla ya siku hiyo, likieleza ni nani aliyekuwa na wajibu wa kuingiza alama zile na amechukuliwa hatua gani.

Mzazi, Isevya, Tabora