Rust peke yake haitoshi: siku mbili zilizoonyesha kwamba lugha mpya inahitaji majaribio

Jumanne tarehe 18 Novemba 2025, saa saba na dakika 20 mchana kwa saa za Maniema, tovuti nyingi za dunia zilianza kukataa kufunguka. X ilikwama. ChatGPT ilikwama. Kwa mkaaji wa Wamaza, Kasongo ao Kabambare, ukurasa usipofunguka mshitakiwa wa kwanza ni antena, wa pili ni kampuni ya telefone, wa tatu ni betri ya jua. Siku ile wote watatu hawakuwa na hatia. Kosa lilikuwa mbali, katika mashini za Cloudflare, kampuni ya Marekani ambayo karibu tovuti moja kwa kila tano hupitia kwake. Na programu iliyoanguka ilikuwa imeandikwa kwa Rust, lugha ambayo kwa miaka kumi inasifiwa kuwa dawa ya kuanguka kwa programu.

Sifa hiyo si ya bure. Rust ilianzia Mozilla, watu wa Firefox, na toleo lake la 1.0 lilitoka Mei 2015. Katika lugha za zamani kama C, mwanaprogramu anaweza, bila kujua, kusoma ao kuandika nje ya sehemu ya kumbukumbu aliyopewa. Rust inakataa: makosa mengi ya kumbukumbu hukataliwa wakati programu inatengenezwa, na jaribio la kutoka nje ya mpaka kwa kawaida huisimamisha programu inapoendeshwa. Google ilianza kuiingiza ndani ya Android, mfumo unaoendesha telefone nyingi zinazouzwa sokoni kwetu. Hesabu ya Google yenyewe inasema matundu ya usalama yanayotokana na kumbukumbu yalikuwa asilimia 76 ya matundu yote ya Android mwaka 2019, na kufika 2024 yalikuwa yameshuka hadi asilimia 24. Wanaoiita Rust mtindo wa vijana watafute hesabu nyingine ya kupinga hiyo.

Cloudflare ilikuwa na sababu zake za kuipenda. Februari 2017 iligunduliwa kwamba mashini zake zilikuwa zikimwaga vipande vya kumbukumbu, pamoja na siri za watu, ndani ya kurasa za tovuti nyingine. Kisa hicho kiliitwa Cloudbleed. Kosa lenyewe lilikuwa limelala ndani ya kipande cha zamani kwa miaka bila kumdhuru mtu. Lilipoletwa kipande kipya pembeni yake, namna data ilivyopita ikabadilika kidogo, na lile la zamani likaamka. Tazama vizuri: kipya kilikuwa sawa, cha zamani kilikuwa kinafanya kazi, na hatari ilitoka mahali vilipokutana.

Kwa hiyo kampuni ilipoamua kuandika upya moyo wa mfumo wake, haikukimbia. Mfumo wa zamani, unaoitwa FL, ulisimama juu ya NGINX na lugha ya Lua. Mpya, FL2, umeandikwa kwa Rust. Septemba 2025 wahandisi wake walieleza namna walivyofanya, na sehemu ya kusomwa mara mbili ni ile ya majaribio. Wana chombo kinachoitwa Flamingo ambacho hutuma maelfu ya maombi ya majaribio kwa wakati mmoja, kama vile wateja wa kweli. Majaribio yaleyale yalipigwa kwa FL ya zamani na kwa FL2. Jibu likitofautiana, kuna kitu kimebadilika bila mtu kukusudia. Ombi ambalo mfumo mpya haukuwa bado unaliweza lilirudishwa kwa wa zamani. Hivyo wateja walihamishwa pole pole, na kazi zikahamishwa moja moja.

Kasongo ina historia yake ya kulinganisha namna hiyo. Katika miaka ya 1970 kikundi cha waganga kilifuatilia huko watoto waliochanjwa surua na wasiochanjwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 1981 katika jarida la The Lancet. Hawakutosheka kusema chanjo ni nzuri. Walihesabu nani yuko hai na nani hayuko, na hesabu yao ikazaa ubishi wa miaka mingi kati ya wataalamu. Flamingo inafanya kazi ya ukoo huohuo: haiulizi kama Rust ni nzuri, inauliza kama jibu limebaki lilelile.

Sasa, kama majaribio yalikuwapo, ile Jumanne ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye faili. Cloudflare ina kipande kinachopima kama mgeni wa tovuti ni mtu ao ni roboti. Kipande hicho husoma orodha ya alama, na orodha hutengenezwa upya kila dakika tano kutoka kwa hifadhidata. Siku ile mafundi walikuwa wamebadilisha ruhusa ndani ya hifadhidata, na swali lililozoea kurudisha kila mstari mara moja likaanza kurudisha mistari iliyojirudia. Orodha ikanenepa zaidi ya mara mbili. Kwa kawaida ina alama zipatazo 60, na programu ya Rust ilikuwa imewekewa mpaka wa 200. Mpaka ukapitwa, programu ikapata jibu la kosa, na mahali hapo mwandishi wake alikuwa ameandika kana kwamba kosa haliwezi kutokea kamwe. Katika Rust maana yake ni moja: simama. Ikasimama.

Lugha ilifanya kazi yake sawasawa. Haikumwaga siri ya mtu, haikusoma nje ya kumbukumbu yake. Ilijizima kama ilivyoandikwa. Ila kwa aliyekuwa akingoja ukurasa ufunguke, kusimama kwa adabu na kuanguka vibaya ni kitu kimoja. Kwa muda fulani mafundi wenyewe walidhani ni shambulio kubwa, kwa sababu hali ilikuwa inatengemaa kisha inaharibika tena, kadiri faili iliyotoka ilivyokuwa nzuri ao mbaya. Sehemu kubwa ya mtandao ilirudi saa kumi na nusu alasiri kwa saa za hapa, na kila kitu kikawa sawa saa moja na dakika sita jioni.

Na ule mfumo wa zamani ulipopokea faili hiyohiyo? Haukusimama. Ulitoa alama ya sifuri kwa wageni wote na kuendelea, ambalo nalo ni jibu la uongo: mteja aliyeweka sheria ya kufukuza roboti aliweza kufukuza watu. Hapa ndipo fundisho lilipo kwa anayeleta lugha mpya ndani ya nyumba ya zamani. Majaribio yalilinganisha maombi ya kawaida. Hakuna aliyelisha mifumo yote miwili faili iliyonenepa na kuuliza: wewe utafanya nini, na wewe je? Faili lilitoka ndani ya kampuni yenyewe, likaaminiwa kama ndugu wa nyumbani, likapita mlangoni bila kupekuliwa.

Wapinzani wa Rust walishangilia kwa majuma mawili na nusu. Ijumaa tarehe 5 Desemba, saa nne na dakika 47 asubuhi, Cloudflare ilianguka tena kwa dakika 25 hivi, na asilimia 28 ya maombi yake ya wavuti yakaguswa. Safari hii mkosefu alikuwa FL ya zamani, ile ya Lua. Fundi alizima sheria moja ya usalama kwa swichi ya dharura. Swichi hiyo ilikuwa haijawahi kutumiwa kwa sheria ya aina ile. Lua ikatafuta kitu ambacho hakikuwapo, ikafa. Kosa lilikuwa limelala humo miaka mingi, na kampuni ilisema wazi kwamba katika FL2, iliyoandikwa kwa Rust, kosa hilo halikutokea. Mara moja kwa Rust, mara moja kwa Lua. Katika visa vyote viwili ni njia ambayo hakuna jaribio lililowahi kuipita.

Kisa cha tatu kilikuwa kidogo, nacho ndicho kinachowahusu zaidi vijana wetu. Oktoba 2025 Canonical ilitoa Ubuntu 25.10, ambamo zana ndogo za GNU zilizozoeleka tangu miaka ya 1990 zimebadilishwa na zile za Rust. Watengenezaji wa zana hizo mpya walikuwa na bahati: GNU ina majaribio yake yenyewe, nao huyapiga kila mara juu ya kazi yao ili kuona imefanana kiasi gani. Hata hivyo amri ya tarehe, ilipoulizwa faili fulani ilibadilishwa lini, ilijibu saa ya sasa. Kompyuta zikaamini masasisho yameangaliwa sasa hivi, na baadhi zikaacha kuyatafuta zenyewe. Hakuna kilichoanguka. Hakuna aliyeona ujumbe wa kosa. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote.

Chukua mfano wa programu ya ushirika wa akiba iliyoandikwa miaka kumi iliyopita, na kijana anayetaka kuandika upya kwa Rust kipande cha kupiga riba. Ile ya zamani labda inapunguza mabaki hadi franka 50, kwa kuwa ndogo kuliko hizo hazitembei sokoni. Sheria hiyo haikuandikwa popote isipokuwa ndani ya msimbo. Akianza na Rust, ataandika hesabu safi kabisa, na mwisho wa mwezi vitabu vitakataa kulingana. Akianza na majaribio, atachukua mahesabu mia moja ya kweli, ataandika jibu la programu ya zamani kwa kila moja, hata lile linaloonekana la ajabu, ndipo aguse kitu. Ataongeza na daftari tupu, na jina lenye herufi zisizojulikana, na orodha iliyonenepa mara mbili.

Gharama ipo. Kutengeneza programu ya Rust kunachosha kompyuta ndogo na kujaza diski, na anayeishi kwa umeme wa jua atalihisi. Ila chombo cha majaribio huja ndani ya Rust yenyewe, bila kuongeza mega nyingine, na vipande vya watu wengine vinaweza kupakuliwa mara moja Kindu ao Bukavu na kuwekwa ndani ya folda ya kazi, kisha majaribio yakapigwa Wamaza bila mtandao wowote.

Cloudflare, kwa upande wake, ilitangaza tarehe 19 Desemba kwamba mabadiliko ya mipangilio yatasambazwa pole pole na kuangaliwa kama programu mpya, badala ya kutumwa dunia nzima kwa sekunde chache. Rust inabaki. Faili linalotoka nyumbani ndilo sasa litapekuliwa.