Mji Usio na Moshi na Mbabula ya Mama

Tunapoalikwa kuwazia mji wa kesho usiochoma petroli, mazutu wala makaa ya mawe, wengi wetu huona picha ileile: magari yaendayo kimya, anga safi, betri nyumbani mahali pa jenereta. Picha hiyo ni njema, nami naitamani. Ila sisi wa Likasi yatupasa kuuliza jambo ambalo mkazi wa Paris hasukumwi kuliuliza: mji huo unachimbwa katika ardhi ya nani, na kwa jasho la nani?

Shinkolobwe imekwisha kutujibu mara mbili. Urani iligunduliwa huko mwaka 1915, na kampuni ya Union Minière ikaichimba kwanza kwa ajili ya radiamu. Mwaka 1940 mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York; yakaingia katika kazi iliyozaa bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945. Vita vilipokwisha, dunia iliahidiwa kwamba nguvu hiyohiyo ingeangaza miji bila moshi. Mwaka 1959 Chuo Kikuu cha Lovanium, chuo cha Wakatoliki katika mji uitwao leo Kinshasa, kilipata kinu cha utafiti wa nyuklia, cha kwanza barani Afrika. Waliochimba urani hawakupata hata taa.

Jibu la pili ni kobalti, madini ya betri. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini miaka ya 1990 ilipokaribia kwisha vijana walirudi na sururu kuitafuta kobalti katika udongo uleule wenye mionzi. Januari 2004 amri ya rais iliwakataza. Julai mwaka huohuo shimo liliporomoka na kuua watu. Siwalaumu waliobaki. Anayelala njaa hazuiwi na karatasi. Leo zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka nchini mwetu, na magari mengi ya umeme yanaihitaji.

Na umeme wenyewe? Watu husahau kwamba Katanga haikuungoja mji wa kesho. Bwawa la Mwadingusha, juu ya mto Lufira, limezalisha umeme wa maji tangu mwaka 1930. Mwaka 1982 ulikamilika mstari wa kilomita 1,700 hivi kutoka Inga hadi Kolwezi, uliojengwa kwa ajili ya migodi. Nyaya zake zinapita juu ya vijiji vinavyopika kwa kuni. Huku kwetu mama anapuliza mbabula, na miti ya msituni inakwisha kuwa makala.

Wapo wasemao: kwanza tuiokoe dunia na joto, haki itafuata. Nadhani wanakosea. Katika Laudato Si', mwaka 2015, Papa Fransisko alikataa kuyatenga mateso ya dunia na mateso ya maskini. Na hapa kwetu mambo hayo mawili yamo ndani ya shimo moja.

Kwa hiyo mji wangu wa kesho naanza kuuwazia Kikula, saa kumi na mbili asubuhi. Mama anabonyeza swichi na maji ya bukari yanachemka. Binti hatumwi kununua makala, anawahi shule. Kaka yake anakwenda mgodini akiwa na mkataba, kofia ngumu, barakoa na kipimo cha mionzi kifuani, na jioni anarudi.

Kikundi chochote cha parokia kinaweza kuanza Jumapili ijayo kwa kuhesabu tu: nyumba ngapi za jumuiya yetu zinapika kwa makala, ngapi zina umeme usiku wa leo, na wangapi kati yetu wana ndugu aliyeko mashimoni.