Kuishi na Watu Si Kuwajua

Imani iliyoenea miongoni mwa wazazi, waajiri na hata baadhi ya wahadhiri wa fani nyingine ni kwamba shahada ya kwanza ya saikolojia humfundisha kijana yale ambayo bibi yake anayajua bila kukanyaga chuo: kwamba macho huona kilichopo, kwamba wanawake husema kuliko wanaume, kwamba mtoto humpenda anayemlisha, na kwamba asiyemsaidia jirani hana utu. Hoja yao ni fupi, nayo ni kwamba aliyeishi na watu amewajua watu. Hoja hiyo ni potofu, na upotofu wake unadhihirika katika masomo yaleyale yanayodharauliwa.

Hekima ya kimapokeo, ambayo ndiyo silaha kuu ya wenye imani hiyo, haikosi jibu kwa jambo lolote, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Kijana akipotoka, na baba yake alikuwa mwizi, husemwa kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka; akipotoka ilhali wazazi wake ni wacha Mungu, husemwa kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hizi hazina kosa zikiwa nasaha, ila huchaguliwa baada ya tukio, na maelezo yanayofaa kwa kila tokeo hayawezi kubashiri hata moja.

Mauaji ya Kitty Genovese, mwanamke aliyechomwa kisu huko Queens, New York, mwezi Machi 1964, yanastahili kuchunguzwa kwa karibu. Gazeti la New York Times liliandika kwamba watu 38 walishuhudia bila yeyote kuwapigia polisi simu wakati wa shambulio, na wachambuzi wengi wakatoa jibu ambalo lingetolewa katika kijiwe chochote cha kahawa, kwamba maisha ya jiji kubwa yameua utu. Wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané hawakuridhika. Mwaka 1968 walichapisha jaribio ambalo wanafunzi, kila mmoja akiwa peke yake chumbani, walizungumza na wenzao kwa vipaza sauti, kisha wakasikia mmoja wao akishikwa na kitu kama kifafa. Miongoni mwa walioamini kwamba wao tu ndio wanaomsikia mgonjwa, asilimia 85 walitoa taarifa kabla sauti yake haijakatika. Miongoni mwa walioamini kwamba wenzao wanne nao wanasikia, ni asilimia 31 tu. Watu hao walitoka chuo kimoja na jiji moja, kwa hiyo ubaridi wa mjini hauwezi kueleza tofauti hiyo; kilichobadilika ni idadi ya waliodhaniwa kuwapo. Tena, wengi wa waliokaa kimya walikutwa mikono ikitetemeka, na hiyo si dalili ya watu wasiojali. Jambo hili huitwa mtawanyiko wa wajibu, yaani hali ambayo kila mmoja hungoja mwingine aanze, kwa kuwa wajibu umegawanyika miongoni mwa wengi. Habari ya gazeti nayo ilikuja kubainika kuwa ilitiwa chumvi, na wanasaikolojia wenyewe ndio waliochapisha mwaka 2007 masahihisho dhidi ya vitabu vyao vya kiada. Haijulikani methali iliyowahi kujisahihisha.

Kuhusu jinsia inatosha kutaja utafiti uliochapishwa mwaka 2007, ambao ulirekodi mazungumzo ya kila siku ya wanafunzi 396 wa vyuo vya Marekani na Mexico, ukakuta kwamba wanawake na wanaume walitamka maneno yanayokaribiana, takribani 16,000 kwa siku.

Wako wanaopinga kwa njia nyingine, wakidai kwamba haya yote ni mambo ya Wazungu. Wana sehemu ya haki, kwa sababu majaribio mengi mno yalifanywa kwa wanafunzi wa Marekani, lakini kasoro hiyo ilifichuliwa na taaluma yenyewe. Mwaka 1966 watafiti Segall, Campbell na Herskovits walionyesha kwamba mchoro maarufu wa mistari miwili iliyo sawa, ambayo huonekana kutofautiana kwa sababu ya mabawa ya ncha zake, uliwadanganya Wamarekani kuliko watu wa jamii nyingi za Afrika walizozipima. Kuhusu mahusiano, mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyefika Kampala mwaka 1954, alizitembelea familia 26 katika vijiji vya Buganda wakati ambapo wataalamu wengi waliamini kwamba mtoto humpenda mama kwa ajili ya maziwa. Alichokiona ni watoto waliotambaa kwenda kuchunguza vitu, wakageuka kumtupia mama jicho, wakaendelea. Kwao mama alikuwa ngome ya usalama, hata pale ambapo hakukuwa na njaa. Nadharia ya fungamano la mtoto na mlezi, inayofundishwa leo duniani kote, ina sehemu ya mizizi yake katika nyumba hizo za Waganda.

Anayeendelea kuamini kwamba masomo haya hayana jipya na aandike kwanza ubashiri wake kwenye karatasi, jaribio kwa jaribio, ndipo asomewe matokeo.